Kahawa Aliyoikataa Mchungaji

Nimerudi Muleba na stashahada, gari na heshima niliyoitafuta kwa jasho langu, lakini nikinusa akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, nabaki mtoto.

Nilipokuwa mdogo, mchungaji aliyewashinikiza madiwani hadi wakapitisha sheria ndogo dhidi ya vibanda vya mizimu alifika kwetu na mgambo. Bibi alimnyooshea kahawa, maana mgeni akiitafuna hamdhuru mwenyeji.

“Tafuna kwanza, mwanangu.”

Mchungaji alicheka. “Mama, sheria haitafuni kahawa.”

Mgambo walikichoma kibanda cha mzimu wa marehemu babu migombani huku mkono wa bibi ukiwa bado umenyooka. Moshi ulipokwisha, alinitia punje zile mdomoni.

“Babu yako hana pa kulala,” aliniambia. “Atalala kwako.”