Mazishi Tuliyoyaona Nusu

Niliacha shule kidato cha pili bila kufukuzwa na mtu. Nilichoka tu kukaa. Tangu hapo nimepita Tanga, Mombasa na Durban, na sasa napanga chumba cha chini ya nyumba Riverdale Park, Marekani. Karibu kila ninachojua kufanya kwa mikono nimefundishwa na watu wasiojua kama nipo duniani. Breki za gari nilifundishwa kwenye video za simu na mzee mmoja mwenye kaptula. Mashine ya kufulia nilifundishwa na mwanamke ambaye uso wake sikuwahi kuuona, mikono tu.

Nina tabia moja: naruka. Mwalimu akianza kueleza kwa nini, natelezesha kidole mbele hadi pale anaposhika bisibisi. Kama kifaa kimewaka, somo limekwisha.

Dada mmoja wa Hyattsville, mji wa jirani, Mtanzania mwenzangu anayehudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee, alifiwa na mama yake huko Machame. Karatasi zake za kuishi Marekani zilikuwa bado zinashughulikiwa. Akitoka, harudi, na watoto wake wawili wako hapa. Kwa hiyo mama yake angezikwa bila yeye. Nilipokwenda kumpa pole alikuwa jikoni, bado amevaa sare ya kazi.

"Nitapiga tu simu ya video kama watu wote," akasema. "Mdogo wangu atanishikia simu pale kaburini."

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Lakini wiki zile nilikuwa nimezama kwenye video za kijana mmoja anayerusha michezo yake ya kompyuta moja kwa moja mtandaoni, mwenye taa nyekundu nyuma ya kiti, na mikono ilikuwa inaniwasha kujaribu.

"Simu ya video inakatika, dada," nikamwambia. "Mtu mwingine akimpigia mdogo wako katikati, basi. Mimi nitaweka matangazo ya moja kwa moja, utamwona mama kwenye televisheni, picha safi kabisa."

Akaniangalia. "Una hakika, kaka?"

"Nina hakika."

Siku mbili nilizungumza na mdogo wake, mwanamume mtaratibu mwenye duka la dawa za mifugo. Nilimwelekeza apakue programu, azuie simu zote zisiingie, asirekodi chochote kwenye simu ili isijae. Mwisho nikamwambia: "Ukishaanza kurusha, usiguse kitu hadi padri aondoke." Akarudia kila neno kama mtu anayeandikiwa dawa.

Mazishi yalikuwa saa nane mchana kwao, kwetu saa moja asubuhi. Tulijaa sebuleni kwa dada, wengine kwenye zulia, vikombe vya chai mkononi. Mkenya mmoja anayeendesha basi alikuwa amepitia kabla ya kazi, na sare yake.

"Profesa," akaniuliza kwa sauti ya chini, "hiyo kitu yako haitatuwekea tangazo ya sabuni katikati ya maombi?"

Nikacheka. Picha ilikuwa safi kuliko nilivyotegemea. Migomba, mahema meupe, shangazi zake wamejifunga khanga za kufanana. Dada alikuwa anawataja mmoja mmoja, akinyoosha kidole hadi kioo cha televisheni. Watu wakanipigapiga mgongoni, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Kwenye msiba wa mtu nilikaa nimefurahi.

Jeneza likafikishwa kaburini. Mshereheshaji akasema wataanza kumshusha mama, kisha watoto wa marehemu wataweka mashada, wakianza na aliyeko Marekani ambaye ataweka kwa mkono wa mdogo wake. Dada akasimama. Fundi wa spika akafungulia wimbo wa kwaya, ule wa kurekodiwa, kwa sauti kubwa kama desturi.

Tukasikia kama mistari miwili. Kisha televisheni ikawa nyeusi, na maandishi yakatokea: matangazo yamesitishwa kwa sababu ya muziki wenye hakimiliki.

Niliwasha upya. Nikampigia mdogo wake. Simu haikuingia, maana mimi ndiye niliyemwambia azuie simu zote. Dada hakuwa na namba ya mtu mwingine pale ila ya shangazi, nayo iliita tu ndani ya mkoba wa mtu. Yule kijana wa taa nyekundu alikuwa ameshalieleza jambo hilo. Nilikuja kulisikia mchana nilipoirudia video bila kuruka. Usiache muziki wa mtu usikike, alisema, kompyuta zao zinasikiliza, watakukata papo hapo. Yeye hakuwa na kwaya ya mazishi akilini, lakini alisema.

"Si ungeachia tu dada apige simu, bro," Mkenya akasema. Hakuwa na kejeli tena. Akamgusa dada bega, akaenda kazini.

Dada alibaki amesimama mbele ya kioo cheusi. Hakukaa, hakulia. Tukangoja hivyo karibu saa nzima, chai ikapoa, mpaka simu yake ikaita. Alikuwa mdogo wake. Akaweka sauti wazi tukasikia sote, labda kwa mazoea.

"Dada! Umeona nilivyoliweka shada lako?" Sauti ilikuwa imekauka kwa kulia. "Nilisogeza simu karibu kabisa uone. Mkono uliuma lakini sikuushusha. Jua lilikuwa kali, sikuweza kukiona kioo, ila sikugusa kitu, kama alivyosema yule fundi wako. Mwisho nimekuta maandishi ya Kiingereza, nikajua wananishukuru."

Sebule nzima ikaniangalia. Nilifungua mdomo. Dada akainua kiganja kunizuia.

"Nimeona, mdogo wangu," akasema. "Nimeona lote."

"Na mawaridi yale meupe?"

"Umechagua vizuri."

Aliendelea kumjibu hivyo, akiokota kutoka kwenye maswali yake kile alichopaswa kuwa ameona. Alipomaliza alifunika simu kwa kiganja, akanisogelea.

"Hilo usije ukamwambia maisha yako yote. Umenielewa?"

"Nimeelewa, dada."

"Anataka kuongea na wewe."

Nikaipokea. Ilikuwa na joto la mkono wake.

"Kaka," mdogo wake akasema, "sijui nikushukuru vipi. Bila wewe dada asingemzika mama yake. Mungu akubariki sana."

Dada alikuwa ananitazama machoni, akisubiri.

"Amina," nikasema.