Uso nimeutunza, mikono ikaniumbua: krimu ya Kwa Mathias ilivyonifanya

Wakuu, poleni na majukumu. Hili ni langu mwenyewe, sijasimuliwa na shoga yangu. Kama kuna mtu wa Kongowe ya Kibaha atanitambua, acheke kimya kimya.

Mimi ni fundi cherehani, mwanamke wa miaka arobaini na nne. Usoni mnanipa thelathini. Najua, kwa sababu nimeifanyia kazi: sunscreen, losheni, mwavuli hata nikienda kununua chumvi.

Mwaka jana mtoto wa dada yangu, Mwanahamisi, alikuwa anaolewa kwao Kisarawe.

Siku ya upande wa mwanaume kuja kumtambua bibi harusi, tulifunikwa kanga gubigubi wanawake sita, mikono tu nje. Shangazi wa bwana harusi, mama wa miaka sitini na kitu, akapita akipapasa mikono kumtafuta mwari.

Akafika kwangu. Akabana ngozi ya juu ya mkono, akaachia. Ngozi ikabaki imesimama.

"Jamani, bibi wa watu mmemtoa kitandani wa nini? Shikamoo bibi!"

Na mimi, wakuu, kwa mazoea nikaitika: "Marahaba."

Ua mzima ulilipuka. Dada yangu, aliyenizidi miaka saba, alicheka mpaka akakaa chini. Kanga ilipofunuliwa, shangazi akatazama uso wangu, akatazama mikono, akauliza kama ni vya mtu mmoja.

Mtu mwenye akili angecheka yakaisha. Mimi nikaenda Kwa Mathias, hapo hapo Kibaha, kwa dada mmoja mwenye meza ya vipodozi.

Akanitolea kichupa cha krimu, hakina lebo. Nikauliza kina nini ndani.

"Dada, wewe unataka kusoma au unataka mikono?"

Nikajibu nataka mikono. Mjinga wa kiwango changu hamjawahi kumwona.

Siku ya tatu ya kupaka, mikono ikaanza kuwasha. Nikajiambia dawa inafanya kazi. Siku ya tano ngozi ikaanza kubanduka, mikono myekundu, vifundo vya vidole vyeusi tii. Mkasi siwezi kushika. Na gauni la harusi la Mwanahamisi, ninalolishona mimi, liko mezani, halijatiwa mikono, harusi wiki mbili mbele.

Nikarudi kwa yule dada na mikono yangu kama nyanya iliyomwagiwa maji ya moto. Hata hakushtuka.

"Hiyo ngozi yako ni sugu. Unahitaji hatua ya pili."

Akanyoosha mkono kunipa kichupa kingine. Hapo ndipo nilipoona vifundo vyake: vyeusi kuliko vyangu, amejaribu kuvificha kwa hina. Mwenzangu alishafika hatua ya kumi!

Nikaenda hospitali. Daktari alikuwa binti mdogo tu, ila alinichana ukweli bila kunitukana.

"Mama, usoni unapaka sunscreen?"

"Kila siku."

"Na mikononi?"

Nikaificha chini ya meza.

Akanieleza kwamba ngozi ya mgongo wa mkono ni nyembamba, mafuta chini yake ni kidogo, umri ukienda yanazidi kupungua na mishipa inachomoza. Halafu ongeza jua, sabuni ya unga, jiki, na kunawa mara ishirini kwa siku bila kupaka kitu. Akasema niache ile krimu siku hiyo hiyo, akanipa dawa ya kuponya. Nikipona: glovu wakati wa kufua, mafuta ya mgando kila nikinawa, ngozi ikiwa bado na unyevu, na sunscreen ifike mpaka kwenye vidole.

"Nitarudi kuwa binti?" nikauliza.

"Hapana, mama. Utakuwa na mikono ya miaka arobaini na nne iliyotunzwa."

Iliniuma kuliko vidonda.

Gauni aliliokoa dada yangu. Alikuja Kongowe na mikono yake ya kulima mihogo, akakaa kwenye cherehani yangu, mimi namwelekeza kwa mdomo. Siku tisa. Alinisimanga siku zote tisa, hakupumzika hata wakati wa kula. Lakini wakati wa kula alikuwa ananilisha yeye, tonge kwa tonge, na siku ya nne nilitoa machozi nikasingizia pilipili.

Mwanahamisi alipendeza. Mimi nilihudhuria na glovu nyeupe kama trafiki.

Sasa miezi imepita. Mikono imelainika, makunyanzi yamepungua kiasi, mishipa ipo pale pale. Vifundo vyeusi daktari anasema vitachukua muda mrefu.

Nilichojifunza: krimu isiyotaja kilichomo ndani inajua kwa nini imenyamaza. Na mkono hauna kosa lolote, ulikuwa unafanya kazi wakati uso unapiga selfie.

Haya, mabingwa wa filter, karibuni mnicheke. Lakini kila atakayecheka aweke kwanza hapa chini picha ya mgongo wa mkono wake, tena iliyopigwa juani.