Kondoo Aliyezalia Juu ya Kichuguu

Juma lililopita nililetewa habari kutoka Garsen kwamba jirani yangu wa zamani, mkulima wa Kipokomo aliyefuga kondoo wachache kando ya mto Tana, amefariki dunia. Tangu hapo situlii. Nakaa, nasimama, naanza barua naiacha. Msomaji wangu, liko jambo juu yake ambalo sijapata kumwambia mtu.

Nilikuwa mwalimu kijijini kwake. Watu walimcheka, wakisema kondoo ni wa Waorma wafugaji, Mpokomo ana mpunga na migomba yake. Hakujali. Mwaka mmoja mto ulifurika mapema, kondoo wake wakiwa ndiyo kwanza wanaanza kuzaa. Sisi wawili na kijana mmoja mpiga kafi tulishinda asubuhi nzima tukiwavusha kwa mtumbwi hadi nchi kavu, akabaki mmoja tu, amelala juu ya kichuguu, uchungu umemshika na maji yanampandia.

“Twende! Huyo ni kondoo tu!” nilimpigia kelele.

“Amekwama, Mwalimu. Mguu mmoja umetoka, wa pili umejikunja ndani. Njoo umshike kichwa, nami niunyooshe.”

Niliyatazama maji. Nikapanda mtumbwi, nikamwambia yule kijana mwenye kafi asukume.

Tuliporudi kumchukua adhuhuri, maji yalikuwa yamemfika kiunoni. Mwanakondoo alikuwa hai, amefungwa ndani ya shati lake. Mama yake alikuwa amekufa.

“Ningepata mikono mingine miwili, angepona,” alisema. Hakunilaumu, alinieleza tu, kama mtu anayeeleza jinsi mvua ilivyonyesha. Ingekuwa nafuu kwangu kama angenitukana.

Jioni ile alimchuna mwanakondoo mwingine aliyezama, akamvika yatima ngozi yake, akampeleka kwa jike aliyefiwa, mama wa yule aliyezama, ili asikie harufu ya mwanawe. “Sasa shika kichwa, Mwalimu,” akaniambia. Nilishika. Yule jike alinusa, akapiga mguu chini, akanusa tena, kisha akatulia akanyonyesha. Jirani yangu akacheka kwa furaha, akanipiga begani. Hakumsimulia mtu yeyote kwamba nilimkimbia.

Siku hizi tunasikia hotuba nyingi za kuinua kilimo na mifugo. Sisi tunaohutubu, nami nikiwamo, tumesoma, na ushauri tunao tele. Lakini tunautolea pakavu. Kazi yenyewe hufanywa na mtu aliyekubali kubaki pale mambo yanapokwama, na mara nyingi anachohitaji kwetu si maneno, ni mikono.

Nilihamishwa kabla sijamwomba radhi. Kila mwaka nilisema nitakwenda, na kila mwaka nikapata udhuru. Leo nimeiandika radhi hiyo kwa Kiswahili kizuri, gazetini, kwa mtu ambaye hakujua kusoma. Wewe mwenye deni kama langu, usiliandike. Panda gari leo, umkute mwenzako angali hai, umwambie kwa mdomo wako.