Jozi Mbili za Miwani, Pua Moja

Kifaa chenyewe cha kusaidia kusikia kilikuwa kisanduku kidogo kinachokaa katika mfuko wa shati, na kutoka ndani yake waya mmoja hupanda hadi sikioni. Mwenye nacho alikuwa mwalimu wa hisabati, mkimbizi kutoka ng'ambo ya mpaka, ambaye bila kisanduku hicho hakusikia hata mlango ukibamizwa. Alifika kwangu Ngara Alhamisi mchana, akiwa na mkewe, baada ya kuambiwa kambini kwamba yupo mwalimu wa historia anayetengeneza redio siku za mapumziko. Mwalimu huyo nilikuwa mimi.

Jumatatu asubuhi alitakiwa kwenye usaili wa walimu wa shule ya kambini. Mara ya kwanza alikuwa ameshindwa, naye aliambiwa wazi kwamba mara ya tatu haitakuwapo.

"Walimuuliza ana miaka mingapi," mkewe akanieleza, "akawafundisha eneo la duara."

"Anasema nini huyu?" mwalimu akaniuliza, kwa sauti ya kutosha darasa zima.

"Anakusifu!" nikapaza sauti.

"Hapana. Namjua."

Wao walisema Kirundi, mimi Kihangaza, na tulielewana bila taabu. Hapa naandika kwa Kiswahili tu. Nilikifungua kisanduku nikauona ugonjwa: waya mwembamba kama unywele ulikuwa umeng'oka kwenye ubao wake, mahali ulipopaswa kulehemiwa katikati ya viungo vingine viwili. Nafasi kati ya kiungo na kiungo haikuzidi punje ya ulezi. Risasi ya kulehemia ikifurika kidogo tu na kugusa jirani yake, kifaa kimekufa.

Ufundi huo nilifundishwa seminarini na bruda mmoja aliyeamini kwamba anayeweza kuchambua sentensi ya Kilatini anaweza pia kuchambua redio. Mkono wangu ulikuwa bado umetulia. Macho ndiyo yalikuwa yameanza kuninyima vitu vya karibu, siri niliyowaficha wanafunzi wangu kwa kukariri kurasa nzima kabla ya kuingia darasani. Nikaahidi kwamba kisanduku kitasema kabla ya Jumatatu, na walipoondoka nikajiuliza nitakionaje.

Ijumaa niliazima hadubini ya maabara. Nakiri kwamba moyo ulinidunda kwa furaha: ule unywele ukawa kamba ya kufungia ng'ombe, na pengo la punje ya ulezi likawa bonde. Lakini kati ya lenzi na ubao hapakuwa na nafasi ya kupitisha hata ncha ya chuma cha kulehemu. Nikachukua kioo cha mkono, kile cha kutazamia wadudu. Mkono wa kushoto ukashika kioo, wa kulia ukashika chuma, na risasi ikakosa wa kuishika.

Jioni ile ile fundi saa wa mjini akaniazima lenzi yake ya kubana jichoni. Kwa bahati nilikuwa nikijaribia kwenye ubao wa redio iliyokwisha kufa. Niliona vizuri ajabu, ila kazi ililazimika kusogea hadi upana wa vidole vitatu kutoka usoni. Utomvu wa msonobari ninaopaka ili risasi ishike ukatoa moshi, lenzi ikafunga ukungu, nikasikia harufu ya kitu kinachoungua. Kilikuwa unyusi wangu. Tena jicho moja halijui kina: ncha ya chuma niliyodhani iko juu ya kiungo ilikuwa kando yake.

Hapo ndipo nilipoketi na kufikiri kama mtu aliyesoma. Siku nzima nilikuwa nikikiuliza kila kioo kinakuza kiasi gani, na sikuuliza hata kimoja kinaniruhusu nikae umbali gani. Nikashika chuma kikiwa baridi, nikainama kwa namna ya kufanya kazi kweli, nikapima kutoka juu ya pua hadi ubaoni. Shubiri moja kamili. Nikakata uzi wa urefu huo, nikautia mfukoni.

Jumamosi sokoni palikuwa na muuza miwani aliyetoka Runazi, na bidhaa yake ameitandaza juu ya turubai. Kila mteja alikuja na kitabu chake cha nyimbo za kanisani. Unajaribu miwani, unafungua wimbo unaoujua, na herufi zikitulia unanunua. Nami, pamoja na mawazo yangu yote ya usiku, nikafuata desturi. Nilifungua kitabu changu cha sala, na jozi ya nne ikaisimamisha kila herufi mahali pake. Nililipa nikiwa natabasamu. Ndipo nikaukumbuka uzi. Nikaweka ncha moja puani, na ule ubao wa majaribio kwenye ncha ya pili. Ukungu mtupu.

"Mwalimu," muuzaji akasema, "umekuja kununua miwani au kupima kaburi la panya?"

Nikaomba iliyo kali kuliko zote. Ilikuwa ya watu waliopasuliwa mtoto wa jicho, na ilinitaka nisogee hadi nusu ya uzi. Kali yake ni hiyo, dhaifu zake ni zile, na ya katikati hapakuwa nayo.

Basi nikakumbuka somo la bruda kuhusu mwanga: lenzi mbili zikifuatana, nguvu zao hujumlishwa. Nikaichukua jozi nyingine kama ile niliyoinunua, nikaivaa juu ya ya kwanza, nikaunyoosha uzi. Pengo likafunguka mbele yangu, safi, mwishoni mwa uzi! Macho yote mawili yaliona, kina kilikuwapo, mikono yote miwili ilikuwa huru, na moshi ungepita chini kwa amani.

"Naona!" nikapiga kelele katikati ya soko, mimi ambaye huwakemea wanafunzi kwa kelele.

"Nimewauzia wenye jicho moja," muuzaji akasema, "lakini pua moja jozi mbili, bado."

Mama mmoja mwenye kitabu cha nyimbo akanitazama kwa makini. "Na mimi nipe kama za mwalimu."

Alasiri mwalimu na mkewe walinikuta barazani, miwani nimeikaza kisogoni kwa mpira wa baiskeli.

"Macho sita!" mke akapiga kofi. "Mume wangu, huyu anakuona mpaka dhambi."

Nilichukua chuma, ambacho nilikizungushia waya wa shaba ili nipate ncha nyembamba, nikakipasha moto juu ya makaa, nikakishusha. Risasi ikang'aa, ikatambaa, ikafika ukingoni mwa kiungo chake na kusimama hapo. Nikatia betri, nikazungusha kitufe, na kisanduku kikapiga mluzi mkali, kama vifanyavyo vifaa hivyo kipaza sauti chao kinapolala karibu na kipande cha sikioni. Mkewe akaruka. Mimi nikacheka kama mtoto. Mwenye kifaa peke yake hakusikia.

"Nini? Kimeharibika?"

Nikakitia sikioni mwake. Mkewe akamsogelea, akasema polepole, kwa sauti ya mtu aliye chumbani kwake: "Shati lako limechafuka."

Akainamisha kichwa kujitazama. "Wapi?"

Mwanamke alikuwa amejifunika uso kwa khanga.

Jumatatu mchana mwalimu alirudi peke yake, akitembea haraka, na karatasi mkononi. "Wameniuliza miaka," akasema, "nikawaambia arobaini na mmoja. Halafu wakaniomba nipunguze sauti."

Akanipa karatasi niisome. Nikavaa jozi moja tu, ile ya kitabu cha sala, nikaisoma kwa sauti yote, mpaka pale palipoandikwa kwamba Jumatano ataanza na darasa la tano. Akaniomba nirudie mstari huo. Nikaurudia kwa kunong'ona.