Orodha Niliyoiandika Kanisani

Asubuhi ile tulikuwa tukianika mahindi, na hasira zangu zote zilikuwa juu ya kuku wa jirani waliokuwa wakiyadonoa. Habari za vita tulizisikia kwa watu wa mlimani. Sisi tulioishi karibu na Saboti tulijiambia havitatufikia. Tulikuwa hodari wa kujiambia mambo.

Saa nne bunduki zikalia upande wa msitu. Watu wakakimbilia kanisani, ambako malori mawili yaliyokuja kununua mahindi yalikubali kutubeba, moja kwenda Kitale na jingine Bungoma. Mimi nilikuwa katibu wa kanisa, tena mwalimu mwenye mwandiko mzuri, basi nikapewa kalamu. Niandike kila mtu na lori lake, asiachwe yeyote.

Ili kuokoa muda nikaanza kuandika familia kabla hazijafika. Nilijiona nazijua zote. Barasa, mke, watoto wanne, mama yake. Kwetu mama mzee hukaa kwa kitinda mimba, na Barasa ndiye aliyekuwa wa mwisho. Sikuona haja ya kuuliza. Nilisahau kwamba mke wa Wafula, kaka yake Barasa, alikuwa amejifungua juzi tu, na mama yao, ambaye sote tulimwita Kukhu, yaani bibi, alikuwa ameteremka kwa Wafula kumtunza mzazi.

Barasa akafika mbio na watu wake, wakapanda lori la Bungoma.

"Mko wote?"

"Tuko wote, Mwalimu."

Alisema kweli, wa nyumba yake walikuwa wote. Nikapiga tiki majina saba kwa mkupuo mmoja, na lori likaondoka.

Kisha akaja Wafula kutoka shambani, na mkewe kutoka nyumbani, kichanga kifuani.

"Kukhu alisema nitangulie," mke akasema akihema. "Labda alipitia kwa Barasa."

Wafula akanigeukia. "Mwalimu, mama ako wapi?"

Sikuinua kichwa. Niliangalia karatasi.

"Ameenda na Barasa."

Akapanda.

Dereva akauliza kama kuna mtu amebaki, maana bado angeweza kungoja kidogo.

Nikamwambia hakuna.

Siku ya tatu, katika uwanja tuliokuwa tukilala Kitale, Wafula alimpata Barasa kwa simu. Nilikuwa nimeketi karibu naye.

"Mama anaendeleaje?" akauliza. Akasikiliza. "Si ako kwako?"

Nilijua pale pale. Karatasi ilikuwa mfukoni mwangu, nami nikaenda kupanga foleni ya maji ambayo sikuyahitaji.

Tuliruhusiwa kurudi wiki ya tatu. Kukhu alikuwa kwenye kizingiti cha nyumba ya Wafula, na kando yake furushi la nguo za mtoto. Alibaki nyuma kuzikusanya. Tulimzika siku hiyo hiyo, haraka, askari wakituhimiza.

Kaburini ndugu wale wakaanza kurushiana maneno. Barasa alisema mama alikuwa mikononi mwa Wafula, ilikuwaje akamwacha? Wafula alisema aliambiwa yuko na Barasa, na kama Barasa alimpoteza njiani aseme. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyemwambia hivyo. Nilingoja waulize. Hawakuuliza, nami nikashukuru, aibu iliyoje.

Baadaye Wafula alihamia Naitiri, Barasa akabaki Bungoma. Hawakusemezana tena. Mimi nilirudi kufundisha, nikawa mtu wa kuchosha: kila safari ya shule nawahesabu watoto kwa kuwagusa kichwa, mara mbili, na simwandiki mtu nisiyemwona. Walimu vijana hunicheka. Naona ni sawa wanicheke.

Mwaka jana Barasa alikufa kwa maradhi. Nilienda mazishini, nikamtafuta Wafula kwa macho, sikumwona. Juma lililofuata nikaenda Naitiri na ile karatasi.

Aliisoma taratibu, kidole chake kikifuata majina. Kilisimama kwenye jina la mama yake, penye tiki.

"Hii ni mwandiko yako," akasema.

"Ni wangu. Niliandika kabla hawajafika. Sikuwaangalia."

"Barasa alijua?"

"Hapana. Sikumwonyesha mtu."

Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo njia nzima. Aliikunja karatasi vile ilivyokuwa imekunjwa, akanirudishia.

"Mimi sikuenda kumzika ndugu yangu, Mwalimu," akasema.