Kamati ya Memori

Sijawahi kuona watu wanaopenda kamati kama watu wa kwetu. Kule Nyeri mbuzi akichechemea, mwenyekiti huchaguliwa kabla mguu haujaangaliwa. Kwa hiyo laptopu ya kanisa letu la pale Wamagana, tuliyoletewa na wageni wa ng'ambo miaka ya tisini, ilipoanza kugandaganda, haikupelekwa kwa fundi. Iliundiwa kamati.

Mimi ndiye niliyekuwa karani wa kanisa, na hakuna mwingine aliyeigusa. Humo niliandika masimulizi ya akina mama walioanzisha kanisa lile, mama yangu mzazi akiwa mmoja wao. Alinisimulia jioni baada ya jioni, mpaka kiharusi kikamfunga mdomo. Nakala nyingine haikuwepo. Diski za kunakilia niliziomba, kamati ikasema zitajadiliwa.

Fundi mmoja wa mjini aliniambia jambo dogo tu: inagandaganda kwa kupungukiwa memori, kile kibao chembamba cha ndani kinachoipa wepesi; geuza mashine, soma namba iliyo chini, kisha tafuta memori inayolingana nayo, kwa sababu si kila memori huingia kila mashine. Nikalisema mkutanoni, baada ya maombi ya kufungua. Mwenyekiti wetu, ambaye heshima yake yote ilitokana na kuwahi kufanya kazi Nairobi, kazi gani hakuna aliyejua, akanikata kauli.

“Memori ni memori. Ng'ombe ukinunua soko ya Kenol ulete hapa, si inakamuliwa tu? Ama hiyo pia iko na namba chini ya tumbo?”

Wakacheka, kisha wakapiga kura. Wazee wazima, na makoti yao, waliinua mikono kuamua kama kitu kitaingia kwenye tundu! Mkono wa kupinga ulikuwa wangu peke yake. Wengi wape, basi nikawapa.

Memori aliyoileta mwenyekiti kutoka Nairobi ilikuwa ya kompyuta kubwa ya mezani, ndefu kama kitana. Haikuingia. Akaitisha tupa, akaisugua pembe zote mbili, akaiombea, akaisukuma kwa kidole gumba mpaka tukasikia kitu kikivunjika. Mashine haikuwaka tena.

“Hii kitu ilikuwa mbovu tangu ikuje,” akatangaza, na kamati ikaitikia kwa vichwa. Niliwadharau siku ile, na ninawadharau hadi leo.

Fundi aliniapia kwamba maandishi yalikuwa salama. Angeifungua tu, aitoe diski ya ndani, anichapie kila kitu. Kamati ikaazimia kwamba mali ya kanisa isifunguliwe tena na yeyote. Wakaifunika kwa kitambaa cha kufuma, wakaifungia kabatini.

Mama tulimzika msimu wa kuchuma kahawa. Kama ilivyo desturi, mwenyekiti akasimama kando ya kaburi kusoma historia ya maisha yake. Alizaliwa, akasoma kidogo, akaolewa, akajaliwa watoto, akaugua. Akakunja karatasi. Mengine, akasema, anayajua Mungu peke yake.

Ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwake.