Mke Harusi

Nilipostaafu ukarani bandarini nilifungua ukumbi wa sinema mtaani kwetu Buzebazeba. Nauita ukumbi kwa heshima tu. Lilikuwa ghala la mahindi. Nilipaka chokaa ukuta mmoja uwe wa kuonyeshea, nikapanga mabenchi, nikaweka projekta, spika mbili na kompyuta yangu. Madirisha niliyaziba kwa magunia, kwa sababu maonyesho yangu yalikuwa ya alasiri.

Watu hudhani kazi ya sinema ni kubonyeza kitufe. Kazi yenyewe ni kalenda. Ijumaa sikuanza mpaka watu watoke msikitini na kula. Jumapili nilisubiri misa ya pili iishe. Siku ya meli sikuonyesha filamu mpya, maana nusu ya wateja wangu walikuwa gatini. Tena kulikuwa na mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, gizani. Mbalamwezi ikiwaka hawaifuati taa, mitumbwi hupumzika, na wavuvi wa ufukwe wa Kibirizi huwa na mchana mzima bila deni la usingizi. Wiki hiyo ndiyo niliyoitunzia filamu bora. Nilichora duara kwenye kalenda kila penye mwezi mpevu, mke wangu akasema naendesha ukumbi kama mganga.

Lugha ilinisumbua kuliko kalenda. Kwenye mabenchi walikaa Waha kama mimi, ambao Kiswahili tulikikuta shuleni. Walikaa watumishi waliohamishiwa kwetu kutoka mikoa mingine, Warundi, na Wakongo waliovuka ziwa kwa biashara. Filamu za ngumi hazikuwa na shida, ngumi haihitaji mkalimani. Lakini filamu ya watu kukaa na kuzungumza ilihitaji uamuzi. Zipo zile ambazo mtu ameingiza sauti yake juu ya waigizaji, anasimulia Kiswahili kwa kelele na utani wake mwenyewe. Baadhi walizipenda. Wengi wa wateja wangu walitaka kusikia waigizaji wenyewe, na maandishi chini. Wanaojua kusoma waliwasomea jirani zao kwa sauti, ukumbi mzima ukavuma kama madrasa. Sikuwakataza. Nilijiwekea kanuni kwamba mstari wa chini usizidi kile ambacho mtu anaweza kukisoma kwa pumzi moja.

Tatizo, filamu nzuri nyingi zilitufikia zikiwa na maandishi ya Kifaransa. Hapo ndipo nilipompata mtafsiri wangu. Alikuwa Mkongo wa upande wa Kalemie, aliwahi kufundisha Kifaransa shuleni kwao, na sasa aliuza vitenge Kibirizi, karibu na mitumbwi. Alikuja baada ya soko kulegea, akakaa kwenye kompyuta yangu, akafuta mstari wa Kifaransa na kuandika wa Kiswahili mahali pake. Aliniita Papa, kama wafanyavyo kwao kwa mtu mzima. Alipofika kwenye maneno ya mapenzi alisimamisha picha na kuyasema taratibu kwanza, kuona kama mdomo wa mwigizaji unayakubali. Sijaona mtu mwangalifu kama yule. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, nilijiona ndiye mwenye Kiswahili.

Filamu iliyotugombanisha ilimhusu mwanamume anayemuuguza mkewe. Mtafsiri aliifanyia kazi wiki nzima. Niliiweka Jumamosi ya mwezi mpevu, saa tisa. Siku hiyo alimleta mke wake kwa mara ya kwanza. Walikaa benchi la mbele, mama yule amevaa kitenge kipya, na kila mstari ulipotokea, mume alimgusa kiwiko, kama kumwambia, huo wangu.

Katikati ya filamu mwanamume alipiga magoti kando ya kitanda, akamshika mgonjwa mkono. Chini yakatokea maandishi: "Bibi yangu, tangu siku nilipokuona sijatazama mwanamke mwingine."

Ukumbi ulilipuka.

"Kamuoa bibi yake!" alipiga kelele mvuvi mmoja.

"Babu yuko wapi? Mwiteni babu aje aone!"

"Muacheni bibi wa watu apumzike, anaumwa!"

Kwetu bibi ni mama wa mama au mama wa baba. Kwao bibi ni mke. Ningeweza kusimama na kusema hivyo tu, kwa maneno mawili, watu wakacheka kidogo na filamu ikaendelea. Badala yake niliisimamisha filamu, nikasimama mbele ya ukuta, na nikasema: "Ndugu zangu, mniwie radhi. Aliyeandika si mtu wa Kiswahili. Rudini kesho, mtaikuta kwa Kiswahili safi."

Mke wa mtafsiri alijifunga kitenge upya, akasimama. Mumewe akamfuata. Taa ya projekta ilikuwa bado inawaka, na walipokuwa wanatoka vivuli vyao vilipita ukutani, vikubwa. Mlangoni aligeuka akaniambia: "Papa, kwetu bibi ni mwanamke mwenye umeoa. Ungeniuliza."

Nikazima projekta.

Nilipofika nyumbani mke wangu alikwisha kusikia. Aliniuliza: "Na wewe, Kiswahili ulizaliwa nacho?" Alijua anachokisema. Nilipoingia shule ya sekondari nilikuwa nimetoka kijijini Kasulu na ulimi wa Kiha, usio na herufi L. Siku ya kwanza nilimwambia mwalimu nimesahau karamu. Darasa lilicheka mpaka mwalimu akacheka, wakaniomba niwaalike. Miaka miwili waliniita Karamu. Mtu aliyepitia hayo alipaswa kuwa wa mwisho kumfanyia mwenzake. Mimi nilikuwa wa kwanza.

Kesho yake asubuhi nilifungua yale maandishi kwenye kompyuta nirekebishe. Palikuwa na "bibi" nyingi, na niliona uvivu kuzipitia moja moja. Kompyuta inajua kubadilisha neno lote kwa mara moja. Nikaiambia kila "bibi yangu" iwe "mke wangu," halafu kila "bibi" iliyobaki iwe "mke." Nikabonyeza. Sikurudia kusoma. Nilijisifu hata kwamba nilikumbuka upatanisho wa sarufi.

Saa tisa ukumbi ulijaa kuliko jana. Pale kwenye kitanda palipita salama. Kuna mama alifuta machozi. Lakini mwishoni yule mwanamume anakumbuka siku ya ndoa yao, na mchungaji anasimama mbele ya watu. Nikaona maandishi yanatokea chini yake: "Mke harusi na asogee mbele."

Walicheka kuliko jana. Kila aliyekuwa mule alikwisha kuhudhuria harusi, na hakuna harusi isiyo na bibi harusi. Neno nililomdhihaki mtu kwa ajili yake tulikuwa tunalitumia wenyewe kila Jumamosi, kwa maana ileile ya kwao.

"Yule Mkongo tena!" mtu akasema.

"Mke harusi! Ndiyo Kiswahili chake hicho!"

Wakanigeukia. Mimi nikatikisa kichwa, kama mtu anayesikitikia kazi mbaya ya mwingine. Sikusema uongo hata neno moja. Nilitikisa kichwa tu.

Mtafsiri hakurudi, nami sikumfuata. Nikanunua zile filamu za sauti ya kelele. Wakongo waliacha kuja, Warundi wakapungua, watumishi wakawa na filamu kwenye simu zao, na hata mwezi mpevu haukujaza mabenchi. Nikafunga. Siku hizi kuna mtu anahifadhi saruji mule.

Mwaka huu mke wangu alinituma dagaa Kibirizi. Nilikuwa nachagua nikasikia mpagazi anaita: "Mke Harusi! Wee Mke Harusi, mzigo wako huu, niuweke wapi?" Nikageuka nimuone mwanamke mwenye jina la ajabu hivyo. Aliyeitika alikuwa mtafsiri wangu, kichwa kimejaa mvi, amebeba furushi la vitenge. Aliitika kama mtu anavyoitika jina lake.

Nilijificha nyuma ya matenga. Nikarudi nyumbani mikono mitupu.

"Dagaa ziko wapi?" mke wangu akauliza. Nikamweleza yote, pamoja na kile kichwa nilichotikisa, ambacho hakukijua. Akasema: "Kesho rudi. Ulete dagaa, na hilo lingine ulimalize."

Nilimkuta mtafsiri amekaa juu ya furushi lake. Tukasalimiana. Nikamwambia, nimesimama: "Ile 'mke harusi' niliiandika mimi. Watu wakasema ni wewe, nikawaacha."

"Najua, Papa."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ile ile. Hata kule kwetu ni bibi harusi. Mi siwezi andika vile hata nikiwa na malaria."

"Mbona hukusema?"

Alinitazama. "Kwa Kiswahili gani? Kile ulisema si Kiswahili?"

Nilimuomba msamaha. Hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Aliniuliza: "Siku ile uliniambia mbele ya watu. Leo unaniambia peke yangu?"

Wapagazi walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha mtumbwi uliopandishwa ufukweni, wanasubiri mzigo. Miguu yangu haitaki mchanga siku hizi, lakini nilienda. Niliwaambia: "Jamani, yule mnamwita Mke Harusi bure. Yeye aliandika vizuri. Mimi ndiye niliyeharibu, kisha nikamsingizia."

Mmoja mnene akasema: "Wewe mzee? Na masomo yako yote?"

"Na masomo yangu yote."

Wakacheka, wakapigana mabega. Nilinunua dagaa nikaondoka.

Wiki iliyofuata nilirudi. Kabla sijafika kwenye matenga yule mnene aliniona, akapaza sauti soko zima lisikie: "Shikamoo, Mzee Mke Harusi!"

"Marahaba," nikaitika.

Mtafsiri aliinua kichwa kwa mazoea, kisha akakumbuka si yeye anayeitwa, akaendelea kukunja vitenge vyake.